Pointi, VEOA, VRA au Asilimia 30: Veterani Apitie Mlango Upi Kupata Kazi ya Serikali Marekani?

Ukikaa na Wakenya, Watanzania au Wakongo waliotumikia jeshi la Marekani, habari za kazi ya serikali hazikosi kutajwa, na ushauri unaozunguka ni uleule: "Wewe ni veterani, una pointi zako tano, omba tu." Basi wanaomba. Miezi inapita, majibu yanarudi yakisema mwombaji ana sifa lakini jina lake halikupelekwa kwa msimamizi. Mwishowe wanaambiana kwamba huo upendeleo wa maveterani ni maneno ya kupamba hotuba.

Upendeleo upo, tena una meno. Sheria yake kuu ilitiwa saini na Rais Roosevelt Juni 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, na imeongezewa viraka vingi tangu hapo. Kinachowaponza watu ni kudhani kuna upendeleo mmoja. Kuna njia nne zinazotumika sana, kila moja na masharti yake, na ile inayotajwa zaidi vijiweni, yaani pointi tano za upendeleo anazohesabiwa mwombaji veterani, ndiyo ambayo wengi waliojiunga miaka ya karibuni hawana.

Kwanza uraia na DD-214

Wengi wa watu wetu waliingia jeshini wakiwa na ukaazi wa kudumu tu. Wengine walipitia mpango wa MAVNI, uliochukua wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa mwaka 2016. Jeshi halimdai askari wa kawaida uraia. Ajira za kiraia za serikali kuu zinaudai, isipokuwa chache. Kama hujala kiapo cha uraia, anzia hapo: fomu N-400 ya kuomba uraia kwa njia ya utumishi wa jeshi haina ada, na ni afadhali kuishughulikia ukiwa bado kambini.

Pili, toa DD-214 yako, ile hati unayopewa ukitoka jeshini, kwenye bahasha uisome. Unahitaji nakala ndefu, inayoitwa Member-4, kwa sababu ile fupi haina kisanduku namba 24 kinachosema umetoka kwa sifa gani. Macho yako yatue sehemu tatu: kisanduku 12 chenye tarehe za kuingia na kutoka, kisanduku 13 chenye nishani, na hicho cha 24. Kikisema umetoka kwa heshima, au kwa masharti ya heshima, milango yote hapa chini inaweza kufunguka. Vinginevyo, karibu yote imefungwa.

Walio National Guard au Reserve, yaani vikosi vya akiba, wasikie hili mapema: muda wa mafunzo, yaani depo, kozi ya fani na wikiendi za mazoezi, hauhesabiwi kwa pointi tano. Kinachohesabiwa ni kuitwa kazini hasa. Nimeona watu wenye miaka sita ya Guard wakishangaa kuambiwa hawana hata siku 180 zinazodaiwa kwa pointi hizo.

Vigezo vya kulinganisha

Kila mlango nitaupima kwa mambo manne: nani anaruhusiwa kuingia, ukiingia unapewa nini, unakwamia wapi, na unamfaa nani. Kumbuka pia kwamba milango hii haizuiani. Tangazo moja kwenye USAJOBS, tovuti ya kazi za serikali kuu, linaweza kukuruhusu utie alama zaidi ya sehemu moja, na ukistahili sehemu mbili, tia zote mbili. Kinachohitaji kuchaguliwa ni utakapopeleka muda na nguvu zako, maana kila mlango unadai kazi tofauti.

Mlango wa kwanza: mashindano ya wazi na pointi

*Nani anaingia.* Kwa kizazi cha sasa, pointi 5 ni za aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, sehemu ya siku hizo ikiangukia kati ya Septemba 11, 2001 na Agosti 31, 2010. Au aliyetunukiwa nishani ya kampeni, kama ile ya Afghanistan au ya Inherent Resolve kwa Iraq na Syria. Pointi 10 ni za mwenye ulemavu uliotokana na utumishi, au aliyetunukiwa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani. Maafisa waliostaafu kuanzia cheo cha meja hawana hadhi hii ya upendeleo, ila wakiwa na ulemavu.

Tumchukue kijana wa Eldoret aliyejiunga 2019, akaendesha malori ya jeshi Fort Bliss, Texas, akatoka 2023 kwa heshima bila kutumwa vitani. Kisanduku chake cha 13 hakina nishani ya kampeni. Tarehe zake ziko nje ya 2010. Pointi zake ni sifuri, licha ya miaka minne ya jasho, na hakuna afisa utumishi atakayempigia simu kumweleza hivyo.

Sasa tuseme masikio yake yanavuma usiku, zawadi ya injini za dizeli na mazoezi ya shabaha. Akapeleka madai VA, idara ya maveterani, akapewa asilimia 10, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida cha tatizo hilo. Ametoka sifuri akaingia kundi linaloitwa CP, pointi 10. Anaambatanisha barua ya VA na fomu SF-15 ya kudai pointi hizo, basi. Wengi hawadai kwa kuona aibu kuitwa mlemavu, au kwa kuwa kwao mwanamume halalamikii masikio. Heshima ni yao, lakini foleni wamejiwekea wenyewe.

*Unapewa nini.* Idara nyingi huwagawa waombaji katika makundi, kwa kawaida matatu, badala ya kuwapanga kwa namba. Hapo pointi haziongezwi popote. Veterani mwenye hadhi huwekwa mbele ya wasio nayo ndani ya kundi lake. Mwenye ulemavu wa asilimia 10 na kuendelea hupandishwa hadi juu ya kundi la kwanza kabisa alimradi ametimiza sifa za msingi, isipokuwa kwenye kazi za kisayansi na kitaalamu za ngazi ya GS-9 kwenda juu (GS ni ngazi za mishahara ya serikali kuu). Msimamizi hawezi kumruka akamchukua asiye veterani wa kundi hilohilo bila kuandika sababu na kukubaliwa. Kwa mwenye asilimia 30 au zaidi, ombi la kumruka huenda OPM, ofisi kuu ya utumishi wa serikali, na veterani mwenyewe hupewa siku 15 za kujibu.

Hadhi hii haiishii kwenye kuajiriwa. Siku idara inapunguza watu, wenye asilimia 30 na zaidi huwekwa kundi la juu, wakifuatiwa na wenye hadhi wengine, ndipo waliobaki. Baada ya serikali kuu kupunguza watu mwaka 2025, sidhani kama kuna anayelichukulia hilo kirahisi.

*Unakwamia wapi.* Ushindani ni wa nchi nzima, na matangazo mengine hufungwa idadi fulani ya maombi ikitimia, hata kabla tarehe ya mwisho haijafika. Nafasi za kuajiri papo kwa papo, zinazotolewa pale watumishi wanapokuwa adimu, hazizingatii upendeleo kabisa. Halafu mwenye pointi 5 asijidanganye: akiwekwa kundi la tatu, kuwa mbele katika kundi hilo hakumsaidii kitu iwapo msimamizi ameridhika na kundi la kwanza.

*Unamfaa nani.* Mwenye asilimia 10 au zaidi anayeomba kazi zisizo za kitaalamu wa juu. Kwake huu ni mlango mpana kuliko anavyofikiri.

Mlango wa pili: VEOA

*Nani anaingia.* Yeyote mwenye hadhi ya pointi, na pia yeyote aliyetumikia miaka 3 au zaidi mfululizo kwenye jeshi la kudumu akatoka kwa masharti ya heshima. Kijana wetu wa malori anaingia hapa hata masikio yake yakiwa mazima.

*Unapewa nini.* Idara nyingi hutangaza nafasi kwa walio tayari ndani ya serikali tu. Mwananchi wa kawaida akiliona tangazo hilo hana la kufanya ila kuendelea na safari. VEOA, sheria ya mwaka 1998 ya fursa za ajira kwa maveterani, inamruhusu veterani kushindana nao, alimradi idara imefungua nafasi kwa watu wa nje ya wafanyakazi wake yenyewe. Akishinda anapata ajira ya kawaida ya kudumu, yenye mwaka wa majaribio, na hadhi ya kuhamia idara nyingine baadaye. Hakuna ukomo wa ngazi.

*Unakwamia wapi.* Ukishaingia, pointi zako unaziacha mlangoni. Katika mashindano haya hakuna kuwekwa mbele, na msimamizi yuko huru kabisa kumchagua mtu wake wa ofisi ya jirani. Unashindana na watu wanaojua lugha ya serikali, mifumo yake na vifupisho vyake. Sajenti aliyesimamia vifaa vya kikosi kizima anaandika "supply sergeant" na nambari ya fani yake, anaishia hapo. Aliye ndani anaandika alisimamia vifaa vya thamani gani, kwa mfumo upi, na ukaguzi ulionyesha nini. Kuanzia 2025 wasifu wa USAJOBS hautakiwi kuzidi kurasa 2, kwa hiyo hata nafasi ya kujieleza ni finyu. Kiswahili chako na lugha nyingine unazozijua zipewe mstari humo, wengi huzisahau.

*Unamfaa nani.* Mwenye uzoefu wa kutosha kusimama bega kwa bega na walio ndani: fundi wa ndege, mtaalamu wa mitandao, mhasibu wa kikosi, au aliyemaliza shahada baada ya jeshi. Pia anayetaka ngazi za juu ambazo mlango unaofuata hauzifikii.

Mlango wa tatu: VRA

*Nani anaingia.* Veterani mwenye ulemavu uliotokana na utumishi. Mwenye nishani ya kampeni. Aliyeshiriki operesheni iliyotolewa nishani ya Armed Forces Service Medal. Na aliyetoka jeshini ndani ya miaka 3 iliyopita. Hilo la mwisho ndilo linalowapita watu. Saa inaanza kuhesabu siku uliyotoka, nao wengi huimaliza wakipumzika, wakisafiri nyumbani, wakiendesha Uber huku wakisubiri majibu ya mlango wa kwanza.

*Unapewa nini.* Msimamizi anaweza kukuajiri bila tangazo na bila mashindano, hadi ngazi ya GS-11 au inayolingana nayo. Soma tena: bila tangazo. Ukimpata msimamizi mwenye nafasi, akaona unamfaa, ofisi ya utumishi inaweza kukamilisha wiki hizo ambazo mwenzako bado anajaza maswali ya USAJOBS. Ukifanya kazi vizuri miaka 2, unageuzwa kuwa mwajiriwa wa kawaida. Kama elimu yako haifiki miaka 15, idara inatakiwa ikuwekee mpango wa mafunzo.

*Unakwamia wapi.* Hakuna anayelazimika kuutumia. VRA (Veterans Recruitment Appointment) ni ruhusa aliyopewa msimamizi. Wewe huwezi kuidai kama haki yako. Isitoshe, miaka 2 hiyo unakaa nje ya utumishi wa kawaida. Mwenye hadhi ya upendeleo hupata haki ya kukata rufaa akifukuzwa baada ya mwaka 1, asiye na hadhi husubiri 2. Mwanzoni mwa 2025, serikali kuu ilipoanza kupunguza watu, walio kwenye majaribio ndio waliotangulia kuondolewa, kwa sababu ndio rahisi kuondoa. Anayeacha kazi ya uhakika ili aingie kwa VRA apige hesabu hiyo kwanza.

*Unamfaa nani.* Aliyetoka juzijuzi, hasa asiye na pointi, na asiyeona haya kubisha hodi. Amri ya rais namba 13518 ya Novemba 2009 ilizitaka idara kubwa ziwe na ofisi zinazoshughulikia ajira za maveterani. Andikia ofisi hizo barua pepe fupi: nani wewe, unastahili VRA kwa kigezo kipi, unatafuta kazi gani na mji gani, na viambatisho viwili, DD-214 na wasifu. Hospitali za VA na kambi za jeshi zilizo karibu nawe ni pa kuanzia, kwani huko wanaijua VRA kama wanavyojua njia ya kwao.

Mlango wa nne: asilimia 30 au zaidi

*Nani anaingia.* Aliyestaafishwa jeshini kwa ulemavu wa asilimia 30 au zaidi, au aliyepewa kiwango hicho na VA. Barua rasmi inatosha.

*Unapewa nini.* Kuajiriwa bila mashindano kama VRA, lakini bila dari ya GS-11. Idara hukuchukua kwanza kwa mkataba wa muda wa zaidi ya siku 60, kisha inaweza kukugeuza kuwa wa kudumu wakati wowote, bila kusubiri miaka 2. Na hauna tarehe ya kwisha: mtu aliyetoka jeshini 2008 anaustahili leo kama aliyetoka mwezi uliopita.

*Unakwamia wapi.* Neno "inaweza" linarudi. Wapo waliokaa kwenye mkataba wa muda huku msimamizi akiahidi kuwageuza "bajeti ikikaa sawa". Kabla ya kusaini, uliza waziwazi kama nafasi ya kudumu ipo na nia ya kukugeuza imeandikwa mahali. Na kama VRA, lazima umpate mtu anayetaka kuutumia.

*Unamfaa nani.* Kila mwenye hiyo asilimia, kwa kweli, na zaidi yule ambaye kazi yake ni ya GS-12 kwenda juu.

Nje ya hiyo minne

Posta ya Marekani ina mambo mawili ya kupendeza. Inaajiri wakaazi wa kudumu pia, kwa hiyo anayesubiri uraia ana pa kuanzia, nayo huzingatia upendeleo wa maveterani. Halafu kuna kazi ambazo sheria imewatengea wenye hadhi ya upendeleo kwanza: walinzi, watarishi, waendesha lifti na watunza majengo. Usicheke. Mtunza majengo wa serikali ana bima, likizo na pensheni.

Majimbo yana sheria zao. Massachusetts, walikojaa watu wetu hasa kule Lowell, ni kali kuliko serikali kuu: veterani aliyefaulu mtihani wa utumishi wa umma huwekwa mbele ya asiye veterani hata kama huyo amemzidi maksi. Mwanamke mmoja mtumishi wa jimbo, Helen Feeney, aliipeleka sheria hiyo mahakamani akisema inawaweka wanawake nyuma, maana wakati huo maveterani karibu wote walikuwa wanaume. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani ikaiacha isimame. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo, lakini anayetaka kuwa zimamoto au polisi jimboni humo aijue.

Wenza wasisahauliwe. Mke au mume wa veterani ambaye ulemavu wake umemzuia kufanya kazi ya fani yake anaweza kurithi pointi 10 zake. Wajane na baadhi ya akina mama wa askari pia wamo.

Uanzie wapi, kulingana na ulipo

Bado uko jeshini, zimebaki siku 120 au pungufu: omba sasa. Sheria ya mwaka 2011 inazitaka idara zikubali barua ya kikosi chako inayothibitisha kwamba unatarajiwa kutoka kwa heshima, DD-214 ije baadaye. Madai ya VA yapeleke kabla hujakabidhi sare, wakati kumbukumbu za zahanati ya kambi bado ziko karibu.

Umetoka ndani ya miaka 3, huna nishani, huna asilimia yoyote: VRA ndiyo mali yako, nayo inaoza. Peleka nguvu nyingi kwenye barua pepe na simu, huku VEOA ukiitia alama kila tangazo linaporuhusu.

Umetoka zamani, ulitumikia miaka 3 au zaidi, pointi huna: umebaki na VEOA. Hapa hela na muda vitumike kwenye wasifu, na kumtafuta mtu aliye ndani ya serikali akusomee kabla hujautuma. Na kama mwili una kitu kinachotokana na jeshi, muone mwakilishi wa maveterani wa kaunti akusaidie kudai. Huduma yake ni bure.

Una asilimia 10 au 20: mashindano ya wazi kwa kazi zisizo za kitaalamu wa juu, na VRA kwa chochote hadi GS-11. Una asilimia 30 kwenda juu: bisha hodi moja kwa moja kwa mlango wa nne, lakini usiache kuomba matangazo ya wazi, kwa kuwa huko msimamizi hana uhuru wa kukuruka kimyakimya.

Una familia inayokutegemea na kazi binafsi inayolipa vizuri: subiri VEOA au nafasi ya wazi, usiruke kwa VRA ukiwa huna hadhi ya upendeleo. Huna kazi kabisa: ingia kwa mlango wowote utakaofunguka wa kwanza. Kuhama ukiwa ndani ni rahisi zaidi.

Na ikiwa una uhakika ulistahili ukarukwa, hifadhi nakala ya tangazo siku hiyohiyo, kwa sababu likifungwa huenda usilipate tena, kisha peleka malalamiko kwa VETS, ofisi ya maveterani iliyo Wizara ya Kazi, ndani ya siku 60. Wakishindwa kulimaliza, unaweza kukata rufaa kwa bodi iitwayo MSPB. Siku ya 61 hawakusikilizi.